Zizi Lililokutwa Tupu

Duka la rangi lilikuwa limejaa wateja wa Jumamosi, kila mtu na haraka yake. Mama mmoja alishika kipande cha pazia akitaka ukuta wa sebule yake ufanane nacho. Mzee mmoja na mkewe walibishana kuhusu kijani, kwamba hiki ni cha hospitali na kile ni cha jeshi. Nyuma ya kaunta, kijana mrefu mwenye madoa mpaka kwenye nyusi alikuwa akidondosha rangi tone kwa tone ndani ya kopo, ametulia kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Wateja walimwita Bwana Rangi. Msichana aliyesukuma mlango wa kioo mchana ule alimwita Rangi tu, na siku zote jina hilo lilimtoka mdomoni limelainika. Leo lilitoka kavu.

"Rangi. Nakutaka."

Kijana akainua macho. Msichana aliiona furaha ikimjaa usoni, na moyo wake mwenyewe, mpumbavu ule, ukaruka kama ulivyozoea. Akaukemea. Hakuja pale kuangaliwa kwa macho yale.

"Lenzi! Mbona saa hizi? Hamjafunga bado."

"Nimeacha kazi mezani. Nakutaka sasa hivi."

Kweli alikuwa ameiacha. Yeye ndiye aliyekata na kusugua lenzi katika duka la miwani la mtaa wa pili, ndiyo maana Rangi akambandika jina hilo. Aproni ya kijivu ilikuwa bado kiunoni, unga wa vioo umemganda vidoleni. Tangu aanze kazi ile hajawahi kuacha lenzi ya mtu katikati, lakini leo alitoka bila hata kuaga.

Alitoa mfukoni mashine yake ya gemu, ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kaunta katikati ya makopo.

"Iwashe."

"Kitufe kimegoma tena? Mbona nilikisafisha chote..."

"Nimesema iwashe."

Rangi akajifuta mikono, akaiwasha. Wimbo wa kufungulia mchezo ukalia, kimuziki kile cha furaha ambacho leo kilikera masikio. Akaingia kwenye mazizi. Zizi la kwanza tupu. La pili tupu. La tatu vilevile. Alipofika la tano akaacha.

"Wako wapi?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

Asiyecheza gemu za namna hii anaweza kucheka, na acheke. Ni mchezo wa kutembea katika nchi ya kubuni ukikamata wanyama wa ajabu, ukiwalea, ukiwafunza kupigana, ukibadilishana na wenzako. Lenzi alikuwa ameucheza miaka sita. Alikuwa na Popo wa Mvua, ambaye hatoki ila mvua ikinyesha kweli nje ya dirisha la mchezaji, na alimngoja kiangazi kizima. Alikuwa na Ng'ombe wa Barafu aliyemkamata asubuhi ya matokeo ya mtihani wake wa ufundi, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine mdomoni akitafuna kucha. Watu wengine wana picha ukutani. Yeye, aliyefiwa na wazazi mapema na kuhamishwa nyumba hii na ile, kila mara akiambiwa vitu vyake vitaletwa baadaye na visiletwe, alikuwa na mazizi yale. Alikuwa bahili nayo kupindukia. Katika miaka yote alitoa mnyama mmoja tu, Mjusi Taa, na aliyepewa ni huyu aliyesimama mbele yake sasa.

"Mashine ilikuwa kwako tangu Jumatatu," alisema. "Kabla ya Jumatatu walikuwepo. Leo nimeiwasha wakati wa chai, hawapo. Nieleze taratibu, kama mtoto mdogo."

"Sijagusa hata mmoja. Nilifungua kifuniko, nikasafisha kitufe, nikafunga, nikakijaribu. Basi. Alhamisi nikaileta kwenu, hukuwepo, nikamkabidhi shangazi ya..."

Akalimeza neno lenyewe.

"Malizia." Sauti ya Lenzi ilishuka, na kwa watu wanaomjua, sauti yake ikishuka ndipo pa kuogopa. "Shangazi yangu kafanya nini?"

"Sijasema kafanya kitu."

"Shangazi hajui hata hii mashine inawashiwa wapi! Mwaka mzima hamwivi chungu kimoja, leo umepata pa kumsingizia."

"Mimi sina ugomvi naye. Yeye ndiye anayeniita mfuga vikaragosi."

Mzee wa kijani akakohoa. "Kijana, na sisi?"

"Dakika moja, mzee wangu."

"Mwache," mkewe akamnong'oneza, naye hakuwa na habari tena na kijani. "Huoni mambo mazito hayo?"

Rangi akafunika kopo la mama wa pazia, akaliingiza kwenye mashine ya kutikisia, akabonyeza. Duka zima likajaa ngurumo. Hapakuwa na namna ya kusikizana, kwa hiyo wakabaki kutazamana tu, kaunta katikati yao. Lenzi alimwangalia yule mtu, zile nyusi zenye madoa, ile midomo ambayo haikuwahi kumwambia neno baya, akatamani kumpiga na akatamani kumwegemea, vyote kwa pamoja. Kesho, Jumapili, wazee wa Rangi walikuwa wanakuja kumposa. Na sauti ya shangazi, ambayo kwa miezi alikuwa akiipuuza, ikamjia masikioni juu ya ngurumo ile: Mwanamume mzima anafuga wanyama wasiokula wala kunya! Wewe nilikuvumilia nikijua utakua. Sasa umepata wa kukuchelewesha.

Je, kama shangazi alikuwa sahihi? Kama huyu ni mtu wa kupewa kitu kidogo tu cha kutunza akakiharibu, atampaje maisha yake?

Alianza kusema. Mwanzoni alisemea ndani ya kelele, hakuna aliyemsikia, kwa hiyo akapaza, akapaza zaidi, na mashine ikaamua kunyamaza palepale.

"...KESHO WASIJE!"

Neno likabaki uchi katikati ya duka. Mama wa pazia akainamisha kichwa.

"Umesema nini?" Rangi aliuliza.

"Umesikia. Waambie wazee wako kesho wasije."

"Lenzi, baba yangu unamjua. Hatoki nyumbani mara mbili kwa jambo moja. Nikimzuia leo, ndiyo basi."

"Basi na iwe basi."

Alidhani akishasema hivyo ataondoka. Miguu ikakataa. Badala yake machozi ndiyo yaliyotoka, na pamoja nayo likatoka swali ambalo hakujua kama alikuwa nalo.

"Kwa nini hukuwapandisha?"

"Kuwapandisha?"

"Kule kwenye wingu lako! Mashine ulikuwa nayo siku zote hizo, namba ya siri ulikuwa nayo, nilikupa mwenyewe! Kila siku wingu, wingu, wingu. Siku ya kuwapandisha wanyama wangu ukakaa!"

Rangi alipigwa na butwaa. "Ulinikataza," akasema.

Na ni kweli alimkataza. Ugomvi wao wa mwanzo kabisa ulikuwa huo. Rangi alikuwa amepoteza mashine mbili, moja ilimwagikiwa rangi ya mafuta, ya pili iliibwa, na mara zote mbili alichukua mashine nyingine, akaingiza nywila yake, na wanyama wakashuka mmoja mmoja kama wasafiri wanaoteremka basi, hakuna aliyekosekana. Mashine ni sufuria tu, alikuwa akisema, chakula usikiache humo. Lenzi akauliza hilo wingu liko wapi hasa. Rangi akakiri kwamba si hewani, ni kompyuta kubwa za watu wengine, mbali. Hapo Lenzi akamaliza mazungumzo: za watu wengine, umesema mwenyewe. Kitu nisichoweza kukishika si changu. Niapie hutawapandisha wangu. Na Rangi akaapa.

"Nilitaka," alisema sasa, polepole. "Jumanne niliona hiyo mashine imechoka, inapata moto. Nikaogopa. Nikaenda mpaka kwenye kile kitufe cha kupandisha, kidole kikawa juu yake. Nikajiambia, hatajua. Halafu nikajiambia, mimi nitajua. Nikazima."

"Heri ungenidanganya!"

"Leo unasema hivyo. Ungewakuta kule juu bila ruhusa yako, ungesimama hapahapa na aproni hiyohiyo, unaniambia kesho wasije."

Lilikuwa kweli tupu. Hasira yake ikayumba, ikatafuta pa kukaa na isipaone. Mbele yake alisimama mtu aliyeacha kufanya anachokiamini, hata wanyama wakiwa hatarini, kwa kuwa tu aliapa. Akamchukia kwa hilo. Akampenda kwa hilo, na mapenzi yale yalimuuma kuliko hasira.

Rangi alikuwa ameichukua mashine tena. Alikuwa anabonyezabonyeza kwa unyonge, kama mtu anayefungua kabati alilokwisha kulifungua. Akatoka kwenye mazizi, akaingia kwenye msafara, pale wanapokaa wanyama unaotembea nao. Lenzi asubuhi hakufika huko. Alipoona mazizi tupu macho yalimwingia giza.

"Kuna mmoja," Rangi alisema.

"Nani?"

"Sijui. Mdogo, yule wa kuanzia mchezo. Mtu ameufuta mchezo wako, akaanza upya, akachagua wake." Alisogeza kioo karibu na macho. "Daraja la tatu. Kampa na jina. Kijino ni nani?"

Lenzi alishika ukingo wa kaunta.

"Lenzi? Nani Kijino?"

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelijua jina hilo. Utotoni Lenzi alifikishwa mlangoni kwa mtu huyo akiwa na mfuko mmoja wa nguo na pengo la jino la mbele, na tangu siku ile, akiwa na homa, akifaulu, akichelewa kurudi, ndani ya nyumba ile aliitwa Kijino. Kwa aibu hajawahi kumwambia Rangi.

Rangi hakuwa mjinga. Alimwona usoni, akaelewa nusu yake, na hakuuliza tena. Angeweza kusema nilikwambia, na duka zima lingekuwa upande wake. Alimkabidhi mashine kwa mikono miwili.

"Mjusi Taa ninaye," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko juu tangu siku uliyonipa. Jina la aliyemkamata bado ni lako, hata nikitaka siwezi kulifuta. Mmoja si wengi, najua."

Lenzi alishindwa kumtazama.

"Baba nimwambieje?"

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni nitakuwa na simu mkononi," alisema Rangi, na nyuma yake mke wa mzee wa kijani akajifuta macho kwa kadi ya kuchagulia rangi.

*

Shangazi alikuwa sebuleni akikunja vitambaa vya meza kwa ajili ya wageni aliotaka wasije. Alivikunja vizuri, pembe kwa pembe. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hata fitina yake ilikuwa nadhifu.

Lenzi alikuja njia nzima akipanga maneno makali. Alipomwona, yakatangulia yale ya kila siku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mapema? Unaumwa?"

Lenzi akaketi mbele yake, akaiweka mashine juu ya vitambaa. "Kijino nimemkuta. Yuko daraja la tatu. Alipigana na nani?"

Mikono ya shangazi ilisimama. Kwa dakika nzima ilionekana atakana, hata kidevu alishakiinua tayari. Kisha uso ukamsaliti.

"Na panya," alisema. "Panya mmoja wa zambarau, mkubwa kuliko yeye. Akamwonea. Sasa mimi ningekaa ninatazama tu mtoto anapigwa?"

"Shangazi."

"Nilitaka kufuta tu, nizime. Kikagoma. Kikaleta maswali, chagua huyu, chagua yule, mpe jina. Nikachagua mwenye pengo. Nikaandika jina la kwanza lililonijia."

"Shangazi, miaka sita!" Sauti ilimpasuka. "Miaka sita umeifuta! Nimetoka kumtukana mtu asiye na kosa mbele ya wateja wake. Nimemwambia wazee wake wasije. Ndicho ulichotaka?"

"Ndicho nilichotaka." Alilisema wazi, na machozi yakamfuata. "Nilijua utamkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nayo. Nikasema mgombane, kesho ipite, ubaki kidogo. Hao wanyama nilijua ni katuni, nikadhani mtu akitaka wanarudi. Mpaka nikamshika yule mdogo, nikaona ana afya yake, ana njaa yake, ananifuata nyuma... Nikajua nimeua. Nikaiogopa hata hiyo mashine."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningeanzia wapi?"

Nje mtu alipita akivuta toroli la chupa. Shangazi alisubiri kelele ziishe, kama alivyosubiri maisha yake yote. Alikuwa opereta wa simu mpaka alipostaafu, enzi zile za kuunganisha watu kwa mkono.

"Nimeunganisha simu za watu mpaka nikazeeka," alisema. "Hii ya humu ndani hailii ila ukiwa wewe, unasema shangazi nimechelewa. Ukiondoka italiaje? Hutakuwa umechelewa tena. Utakuwa umekwenda tu."

Lenzi alitaka kumkumbatia na hakutaka. Akabaki mikono magotini.

"Sijakusamehe," alisema.

"Bado sijaomba. Naogopa kuomba."

Wakakaa hivyo, wote wawili wakiitazama mashine. Mwanga wa dirisha ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Mahali fulani mtaa wa tatu, kijana mmoja alikuwa na simu mkononi. Lenzi aliwaza juu ya mazizi yake, jinsi alivyoyabana kifuani ili mtu asiyafikie, na jinsi kidole kimoja tu, sebuleni kwao, kilivyotosha. Aliyesalimika ni yule mmoja aliyemtoa mwenyewe.

Akachukua simu. Haikuita hata mara moja kamili.

"Lenzi?"

"Waje," alisema.

Upande wa pili pakasikika pumzi iliyokuwa imezuiwa tangu mchana. "Waje?"

"Waje, na baba asichelewe. Na wewe nisamehe kwa yale ya dukani. Nitakuja kuyasema tena mbele ya wale wateja ukitaka."

"Yule mzee kanunua kijani vyote viwili, mkewe hakutaka kutoka." Alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. "Lenzi, umesema waje kweli?"

"Kweli. Sasa nifundishe kupandisha."

"Kupandisha nini? Si wamekwisha..."

"Kijino. Huyu sitaki apotee."

Rangi hakuuliza. "Usifungue jipya," alisema taratibu. "Ingia kwenye zizi langu. Nywila ni yule mnyama uliyenipa, jina lake, herufi ndogo zote."

Lenzi akaandika. Kioo kikawaza kidogo, zizi la winguni likafunguka, na halikuwa tupu. Katikati ya wanyama wa Rangi, mahali pa kwanza kabisa, Mjusi Taa alikuwa ameketi mkia unawaka. Pembeni yake palikuwa na nafasi. Rangi alikuwa amewasogeza wengine wote ili pawe na nafasi.

Shangazi alikuwa ameinuka bila kujijua, amesimama nyuma ya kiti. "Anampeleka wapi?"

"Juu."

"Na mimi nitampataje?"

"Hii mashine itabaki hapa kwako. Mimi nitakuwa na nyingine kule. Zizi ni moja, shangazi. Ukimshusha asubuhi ukamtembeza, ukamrudisha, mimi jioni nitamkuta kapanda daraja."

"Utajua kwamba ni mimi?"

"Nitajua. Nani mwingine atakubali kugombana na panya?"

Shangazi hakucheka. Alinyoosha mkono wenye mishipa, ukasita hewani. "Nibonyeze mimi," alisema. "Kuunganisha ndiyo kazi yangu."

Lenzi aliutazama mkono ule. Ndio uliomfungulia mlango akiwa na pengo. Ndio uliofuta. Simuni Rangi alikuwa anapumua, anangoja.

Akamsogezea mashine.

Shangazi akabonyeza, na kioo kikaleta maandishi meupe. Akayasoma kwa sauti. "Una uhakika?" Akaondoa kidole kama kimeungua. "Kijino, ni swali lilelile. Alhamisi liliniuliza hivihivi."

"Ulijibu nini?"

"Ndiyo."

Lenzi akauchukua ule mkono, akaurudisha juu ya kitufe, akaweka wake juu yake.

"Jibu tena," alisema.